Kabla hujamchapa, mshike kwanza: Dokta anajibu maswali yenu ya mbwa na paka

Meseji za mwezi huu zimekuwa nyingi, na nusu yake zinaanza na neno lilelile: "amekuwa mkorofi". Mbwa kawa mkorofi, paka kawa mkorofi, kuna mmoja hadi kasuku kawa mkorofi (huyo ntamjibu pembeni, kasuku sio fani yangu). Nimechagua chache, ndefu nimezifupisha, majina nimetoa kama kawaida yetu. Na wale mlionitumia picha za kinyesi saa moja asubuhi nikiwa na chai mkononi, zimefika, asanteni sana.

Dokta shikamoo. Nina mbwa dume wa miaka miwili, hawa wa kwetu wa kawaida tu, mlinzi mzuri. Mkesha wa mwaka mpya zilivyopigwa fataki alikata mnyororo akaruka ukuta akapotea siku mbili. Toka arudi sio yule, radi ikipiga kidogo anajikojolea, pikipiki ikilia anaingia uvunguni mwa gari hatoki, na juzi kijana wa kazi alimvuta atoke akamng'ata mkono ila sio sana. Mume wangu anasema apigwe azoee au auzwe. Nifanyeje? Mama wa Kimara.

Marahaba mama. Kabla ya fataki tuanze na huo mkono wa kijana, maana umeuandika kama kitu kidogo. Hakuna kung'atwa "sio sana" kwa mbwa aliyepotea siku mbili, hujui huko alipigana na nani, akarudi na tabia imebadilika. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, dakika 15 za saa sio za kukadiria, hata kama ni juzi bado kioshwe, halafu leo hiihii aende hospitali akaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Mbwa naye afungiwe mahali salama aangaliwe siku 10 na daktari wa mifugo ajulishwe, na utafute kadi yake ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna tena cha maana cha kufanya, lakini kabla ya hapo chanjo inakizuia vizuri kabisa. Kama kadi haipo, au chanjo ya mwisho ni ya enzi zile alivyokuwa katoto, basi hilo nalo mmelipata. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na sehemu nyingi chanjo huwa inatolewa bure au kwa bei ya chini, ila kwa kesi yako usisubiri Septemba.

Sasa tuseme siku 10 zimepita na mbwa mzima. Ninachokisoma hapo ni uoga mtupu. Sikio la mbwa sio kama letu, sisi kwenye sauti nyembamba tunaishia kama hezi 20,000 (yaani mitetemo kwa sekunde) yeye anafika karibu 45,000, kwahiyo fataki ambayo kwako ni "pwaa" na rangi nzuri, kwake ni kitu kinapasuka kichwani na hajui kimetoka wapi na amefungwa mnyororo hawezi kukimbia. Hapo ndo pabaya. Mnyama akiogopa ana mambo mawili, kukimbia au kupigana, ukimfunga umemnyang'anya moja. Na kijana alivyomvuta kule uvunguni akamnyang'anya tena, likabaki jino.

Kumpiga azoee haitasaidia, mwambie baba hivyo kwa heshima. Atakachozoea ni kwamba radi ikilia na fimbo inakuja, uoga unakuwa mara mbili. Na ile habari kwamba ukimbembeleza mbwa akiwa anaogopa unamdekeza, iacheni, uoga sio tabia ya kuzawadiwa, akikufuata kaa naye tu, ongea naye kawaida.

Mpe pango lake. Stoo, chini ya ngazi, banda lenye ukuta nene, popote anapopenda kujificha mwenyewe, weka gunia na kipande cha kanga yako ya zamani isiyofuliwa. Akiingia humo hakuna mtu kumvuta, hata kama geti linagongwa. Siku mnayojua kuna kelele, mwaka mpya, harusi ya jirani, mkesha wa mpira, mtembeze mchana mpaka achoke, mlishe mapema, mfungulie mnyororo, muingize ndani, madirisha yafungwe na redio ipige. Halafu siku za kawaida uanze kumfundisha: tafuta kwenye simu sauti ya fataki, piga kwa sauti ya chini kabisa ambayo anainua sikio tu halafu anaendelea na yake, huku unampa vipande vya maini vidogo vidogo. Siku tatu nne hivyo, ndo unapandisha kidogo. Ukiona anapiga miayo, analamba lamba pua, mkia umeingia katikati ya miguu, weupe wa jicho unaonekana pembeni, umepandisha haraka, shusha. Watu wanacheka mbwa akipiga miayo wanasema ana usingizi, hapana mama, pale anasema imenizidi.

Inachukua miezi. Wengine wanahitaji na dawa, zipo, lakini za kuandikiwa na daktari wa mifugo baada ya kumpima uzito, sio vidonge vya usingizi vya bibi.

Na mnyororo wa kutwa nzima kwenye mti mmoja uachane nao. Tandaza waya mgumu toka nguzo hadi nguzo, mnyororo uning'inie kwa pete inayoteleza, mchana anatembea uwanja mzima, usiku mfungulie alinde kwa raha zake. Gharama yake ni waya na fundi wa nusu saa.

Dokta mambo. Jamani kupe! Tumemuogesha mbwa kwa dawa ya ng'ombe kupe wakafa wote tukafurahi, wiki mbili wamerudi wengi kuliko mwanzo, wanapanda mpaka ukutani, watoto wanaogopa kulala. Paka naye tulimpaka hiyohiyo kidogo akatetemeka siku nzima, saivi yuko poa. Dozi sahihi ni ipi? Kaka wa Nyakato, Mwanza.

Poa kaka. Dozi sahihi ya paka ni sifuri. Huyo paka wako ana bahati kuliko wengi niliowaona. Dawa nyingi za kupe za ng'ombe, na hata zile za mbwa, zina vitu ambavyo ini la paka haliwezi kuvivunja, permethrini ndo maarufu, amitrazi nayo ni hatari kwake. Paka anajilamba kutwa, kwahiyo ulichompaka kwenye manyoya umempa anywe. Anaanza kutetemeka, mate yanamtoka, anapata degedege, na asipotibiwa haraka anaweza kufa. Ikitokea tena kwa bahati mbaya muoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfunge taulo asipigwe baridi, kimbia kwa daktari. Na kama mbwa amepakwa leo, paka asilale naye leo.

Turudi kwenye ukuta. Umeshangaa kupe wanapanda ukutani, basi hiyo ndo habari yote ilipo. Huyu kupe wa kahawia wa mbwa haishi juu ya mbwa, anakuja kula tu. Anapanda akiwa kadogo kama punje ya ufuta, anakunywa, anashuka kujibadilisha, anapanda tena, anashuka, mara tatu hivyo, halafu jike lililoshiba, lile la kijivu limevimba kama mbegu ya mbono, linashuka kwa mara ya mwisho linapanda kwenye ufa wa ukuta linataga mayai hata 4,000. Mbwa umemuosha, ukuta je? Ulichoua ni wale waliokuwa mezani wakati ule.

Kwahiyo dawa ya mbwa na dawa ya nyumba zinakwenda pamoja, siku moja. Banda lote litolewe nje, matandiko yachomwe au yafuliwe kwa maji ya moto, nyufa zote mzibe kwa simenti, hata kwa udongo, halafu pulizia dawa ya kuua kupe kwenye kuta chini na pembe za dari, mbwa na paka na watoto wakiwa nje mpaka ikauke. Rudia baada ya wiki mbili tatu, na tena, maana mayai hayafi kwa dawa kirahisi na kupe mkubwa anaweza kukaa hata mwaka bila kula anakusubiri. Ukiacha baada ya mara moja umefanya kazi bure, ndo kilichokupata.

Mbwa mnunulie dawa iliyoandikwa ya mbwa, iwe ya kupaka mgongoni, ya kidonge au ya kuogesha, kwa uzito wake. Huna mizani ya mifugo? Ile ya bafuni inatosha, panda wewe kwanza, halafu panda umembeba mbwa, toa. Mbwa mzito habebeki, sawa, huyo mlete.

Wale wachache waliobaki toa kwa kibanio, shika karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja juu bila kuzungusha, tumbukiza kwenye maji ya sabuni au spiriti. Usimpasue kwa kucha. Mafuta ya taa msimpake, yanaunguza ngozi, akijilamba yanaingia mapafuni. Na kwa kuwa nishaanza kuongea: oili chafu ya gari! Kila mwezi naletewa mbwa mwenye ukurutu amepakwa oili chafu kuanzia pua mpaka mkia, anang'aa kama injini. Sijui nani alianzisha hii. Ile oili ni sumu, inapita kwenye ngozi na anailamba, na wadudu wa ukurutu wamejichimbia ndani ya ngozi wala habari hawana. Kuna sindano na vidonge vya kazi hiyo siku hizi na sio bei ya kutisha.

Kitu kimoja ufanye jioni ya leo kaka. Mpandishe mbwa mdomo wa juu, angalia fizi. Inatakiwa iwe pinki kama ulimi wa mtoto, bonyeza kwa kidole pale panakuwa peupe, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikiwa nyeupe tangu mwanzo, au ina vidoa vyekundu, au mbwa amekuwa mvivu, hali chakula na pua imetoka damu, hao kupe huenda wameshamwachia ugonjwa wa damu, hiyo sio ya kuogesha tena, apimwe.

Sasa daktari. Niko Nairobi, fleti ya ghorofa ya nne, na paka wangu wa kike huu ni mwaka wa tatu hajawahi nisumbua. Tangu dadangu aje na mtoto mchanga, ameanza kukojoa kwa kitanda changu, si kwa sofa, si kwa zulia, ni kitanda tu! Tena amejilamba tumbo mpaka imebaki ngozi tupu. Nikamfungia choo siku mbili kama adhabu, alipotoka akakojoa palepale. Ananichukia? Msomaji wa South B.

Hakuchukii, tena kwa bahati mbaya yako anakupenda. Kitanda ndicho chenye harufu yako kuliko kitu chochote humo ndani, na sasa nyumba imejaa harufu ngeni, maziwa, nepi, mafuta ya mtoto, kilio usiku, mlango uliokuwa wazi umefungwa, pale alipokuwa analala pana kitanda cha mtoto. Anachofanya ni kuchanganya harufu yake na yako ili apate mahali pamoja humo ndani panapoeleweka. Ni akili ya paka, usiipime kwa akili ya mpangaji anayelipa kodi.

Lakini kabla ya kumpa jina la stresi apimwe mkojo. Paka mwenye maumivu ya kibofu naye anaenda kwenye kitu laini, na stresi yenyewe inaleta kuvimba kibofu, kwahiyo vinaweza kuwa vyote viwili. Hilo tumbo nalo, paka anajilamba sehemu inayomuuma au inayomuwasha, mchane kwanza kwa kitana cha meno ya karibu, zile chembe nyeusi zinazotoka ziweke kwenye tishu nyeupe udondoshee maji, zikitoa rangi nyekundu ya kutu ni kinyesi cha viroboto. Vikikosekana viroboto na mkojo ukiwa safi, ndo tunarudi kwa mtoto.

Na hapa nikatize kidogo niwaambie wenye madume. Paka dume anayekwenda kwenye mchanga kila dakika, anajikamua, analia, halafu hakitoki kitu au linatoka tone, huyo mkojo umeziba. Sio kuvimbiwa, msimpe mafuta ya kula, msisubiri Jumatatu. Ndani ya siku moja au mbili anakufa kwa sumu ya mkojo wake. Nimezika wengi wa Jumamosi.

Haya, South B. Beseni la mchanga unalo moja, na nakisia liko chooni, ambako ndo ulimfungia kama jela, sasa unategemea aende kwa hiari? Weka la pili, paka mmoja mabeseni mawili ndo hesabu tunayotumia, moja mbali na mtoto na mbali na chakula chake. Mchanga mlaini usio na marashi, kinyesi kitolewe kila siku. (Na kama humo ndani kuna mjamzito, au dadako akishika nyingine, kazi hiyo asiifanye yeye, kuna vijidudu vya toksoplazma kwenye kinyesi ambavyo vinachukua siku moja na zaidi kabla havijaweza kuambukiza, ndo maana ya kusafisha kila siku.) Mtafutie mahali pa juu, kabati lililotolewa vitu, rafu yenye taulo, paka akiwa juu anamwona kila mtu na hakuna anayemfikia, nusu ya wasiwasi inaisha. Chukua kitambaa kilichotumika kwa mtoto ukiweke karibu na anapokula, sio kumlazimisha anuse, akipita tu akizoee. Mlo na mchezo virudi saa zilezile za zamani, kamba na unyoya dakika 10 asubuhi na jioni, umkimbize mpaka achoke, mwishoni umpe kitu cha kula.

Godoro lioshe kwa sabuni ya unga ya kufulia na maji mengi likauke juani, usitumie kitu chenye amonia, kwake ile inanukia kama mkojo wa paka mwingine na atajibu. Funika kitanda kwa turubai la plastiki wiki mbili tatu, hapendi sauti yake. Na chumba cha mtoto mlango ufungwe paka akiwa peke yake, hilo la usalama tu, hana nia mbaya na mtoto.

Za haraka haraka

*Paka wangu nampa maziwa ya ng'ombe kila siku na anaharisha kila siku, ni minyoo?* (Morogoro) Inaweza kuwa minyoo ila mimi ningeanza na maziwa. Paka akishaacha kunyonya wengi hawawezi tena kuyasaga. Mpe maji. Na kwa kuwa uko Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, unayo mlangoni, peleka kinyesi kipimwe minyoo, wengine tunaitamani hiyo bahati.

*Paka ana homa, nusu Panadol inatosha?* (hakusema yuko wapi) Inatosha kumuua. Kweli kabisa, paka hana kitu kwenye ini cha kuivunja, fizi zinakuwa za kahawia, uso unavimba. Mbwa pia usimpe dawa za kwetu za maumivu bila kuuliza.

*Jamani shepadi wangu anateseka na joto la Dar, nimnyoe kipara?* Usimnyoe! Yale manyoya ni tabaka mbili, la nje linamkinga na jua, la ndani ndo linaloshika joto likiwa limejaa na kukamatana. Unatakiwa utoe la ndani kwa brashi, mara mbili kwa wiki, utatoa mfuko mzima mpaka utadhani kuna mbwa wa pili. Ukinyoa ngozi inaungua na manyoya yanaweza kurudi ya ajabu ajabu. Mbwa anapoa kwa kuhema, hatoi jasho mwilini kama sisi, ni kidogo tu nyayoni, kwahiyo kivuli, maji, na kutembea alfajiri au jua likishazama. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami uhesabu mpaka tano, ukishindwa wewe na yeye hawezi.

*Ugali na dagaa unatosha?* Kwa mbwa unaenda, ukiongeza nyama au maini na mboga, na dagaa waoshwe chumvi. Ugali wa mchuzi uliojaa vitunguu hapana, vitunguu maji na saumu vinaharibu damu yake, na mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama kioo. Paka ni mla nyama hasa, ugali kwake ni wa kujaza tumbo tu, akikosa nyama na samaki muda mrefu macho na moyo vinaharibika.

Assalam alaykum daktari. Niko Unguja, nina shamba huko ndani na wezi wa mazao wamenichosha, nimewekewa mbwa wawili wa kulinda. Sisi ni watu wa dini na madhehebu yetu unayajua, sitaki kumshika mbwa akiwa na majimaji, lakini naona manyoya yamefungamana na wananuka, na roho inaniuma. Namhudumia vipi?

Waalaykum salaam. Kwanza nimeipenda barua yako, wengi wangewaacha hivyohivyo waoze. Mambo ya twahara muulize sheikh wako, mimi sio mtu wa kufundisha mtu wa Unguja habari za kuosha mara saba na moja kwa udongo. Upande wangu ni vifaa. Tenga nguo za shamba na buti ambazo haziingii nyumbani, glovu ndefu za mpira zile za kufikia kiwiko, brashi yenye mpini mrefu na mpira wa maji wenye bomba lake, vyote vikae bandani kwao. Mchane akiwa mkavu, kabla ya maji, hiyo inakufaa na wewe pia. Manyoya yaliyofungamana yakilowa yanakaza zaidi, kwahiyo yale mabonge yashike kwenye shina kwa vidole ili ngozi isivutike, uchane kuanzia nchani kurudi ndani, lililoshindikana likatwe na mkasi ukiwa umelalishwa juu ya kitana, sio kwenye ngozi.

Kuogesha mara moja kwa mwezi inatosha. Sabuni iwe ya mbwa, au ya mtoto isiyo na marashi makali. Anza kupiga povu pete nzima shingoni, halafu ndo mwili, maana viroboto wakiona maji huku chini wanakimbilia kichwani, wakikuta povu shingoni wamekwama. Masikioni maji yasiingie. Na ukishindwa kabisa mwajiri kijana aje mara moja kwa mwezi, hakuna ubaya.

Akikutikisia mkia usimkimbie, simama tu mwongeleshe kwa mbali, anaridhika.

Mwanangu daktari, mimi ni mzee niko Tanga. Mbwa wetu ana miaka kumi na moja sasa. Alikuwa akiogeshwa na marehemu mke wangu kila Jumamosi. Mimi hanitaki. Nikishika brashi ananguruma, nikimwaga maji anakimbia, na ananuka sana. Sijawahi kumpiga.

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Mbwa wa miaka 11 ni mzee mwenzio, na mzee akinguruma akiguswa mara nyingi kuna pahala panauma. Nitakuomba umkague bila brashi wala maji. Akiwa amelala kivulini kaa karibu yake, mkono wako pitisha toka shingoni mpaka mkiani polepole, halafu nyonga, halafu goti moja moja. Anapogeuza kichwa ghafla kukuangalia, au ngozi inapotetemeka, hapo ndipo. Inua sikio unuse, likinuka kama togwa iliyochacha au akikung'uta kichwa mara kwa mara, harufu yote unayolalamikia inaweza kuwa inatoka humo na wala sio manyoya. Mdomoni nako, jino bovu linanuka nyumba nzima. Angalia na kucha, mbwa asiyekimbia tena kucha zinarefuka zinamgeuza miguu, lakini usikate mwenyewe, za kwake zikiwa nyeusi mshipa wa ndani hauonekani. Hivi vyote vina dawa, hata nyonga, zipo dawa za maumivu za mbwa wazee na wanarudi kutembea vizuri.

Ukishampeleka akatibiwa ndo turudi kwenye Jumamosi. Usimuogeshe mzima mara ya kwanza. Maji ya uvuguvugu, kitambaa, miguu ya mbele tu, kipande cha samaki, basi kwa leo. Jumamosi nyingine miguu ya nyuma. Brashi iache chini karibu na sahani yake wiki nzima ale huku anaiona.

Hukuniambia marehemu mama alikuwa anafanyaje, lakini nakisia alikuwa anaongea naye muda wote anamuogesha, kina mama wengi ndo wanavyofanya. Na wewe mwongeleshe mzee, hata umpe habari za mpira au bei ya sukari. Na chini utandike gunia, sakafu ya simenti yenye povu inamtisha kuliko wewe unavyomtisha, miguu yake ya nyuma haishiki tena kama zamani.